Kufuata-fuata mutu: kesi inaanzia ku polisi, na mara mingi inaishia paka pale

Mu Code pénal ya Kongo hakuna kosa yenye kuitwa "kufuata-fuata mutu". Soma kurasa zote za décret ya 30 janvier 1940, pamoja na yale yote yenye iliongezwa kisha. Utakuta wizi, utakuta matusi, utakuta kupiga mutu na kuingia mu nyumba ya mwenzako kwa nguvu. Lakini mwanaume mwenye anasimama kila mangaribi mbele ya lango la musichana, mwenye anamufuata mpaka ku soko na kumupigia simu mara makumi tatu kwa siku, matendo yake haina jina moja mu ile kitabu. Haiko kusema kama sheria inamuachilia. Ni kusema kama matendo yake itakatwa vipande, na kila kipande kiko na article yake, tribinali yake na mwisho wake.

Mu Kolwezi, jamaa nyingi zinajua mambo haya kwa kuumia. Bwana anatumika zamu ya usiku, bibi anabakia peke yake na watoto, na kuko mutu anagonga dirisha. Musichana anatafuta kazi mu soutraitance, na mwenye kuchukua majina anaanza kumutumia ujumbe wa usiku. Mama ameachana na bwana, na ule bwana anarudi kila mwisho wa mwezi kumulalia ku njia. Ku Manika ao ku Dilala, ku Kapata ao ku Fungurume, hadisi inafanana: wanaenda ku polisi, karatasi inaandikwa, siku mbili zinapita, na mutu ule anaonekana tena ku barabara. Watu wanasema: "Bamemuachilia. Sheria haiko."

Sheria iko. Yenye kuamua kesi, mara mingi, ni jina ya kosa yenye OPJ anaandika ku PV ya kwanza. Jina ile ndiyo inachagua ni tribinali gani itasikia kesi, ni miaka ngapi mutu anaweza kupata, na zaidi ya yote, kama kesi inaweza kumalizwa na franga ao hapana. Jamaa yenye haijue neno ile, inaondoka ku biro bila kujua kama kesi yake imekwisha kuamuliwa nusu.

Jina tatu, njia tatu

Tutwae mufano. Musichana anauzisha mikate ku njia yenye wafanyakazi wanapitia asubuhi. Mwanaume mumoja anamutaka, yeye anakataa. Kisha ile, mwanaume anakuja kila siku, anasimama pembeni ya meza yake, anamufuata mpaka nyumbani, anamutumia ujumbe kwa namba tatu tofauti. Siku moja anamuambia mbele ya watu: "Kama haunikubali, utaona."

OPJ wa kwanza anaweza kuandika "menaces", ao "injures". Ni makosa yenye iko mu Code pénal tangu zamani, na malipizi yake ni kidogo. Kwa menaces, sheria inatofautisha maneno ya mudomo na maneno ya kuandika, na inataka kujua mutu alitisha kufanya nini kabisa. "Utaona" peke yake ni neno zaifu. Avoka wa mwanaume atasema: "Kuona nini? Hakusema." Na kesi inaanguka.

OPJ wa pili anaweza kuandika "harcèlement sexuel". Hapo tunaingia mu sheria namba 06/018 ya 20 juillet 2006, yenye iliongeza article 174d mu Code pénal. Inaongea juu ya mutu mwenye kushikilia tabia moja kwa mwenzake, ikuwe kwa maneno, kwa alama ya mwili, kwa vitisho, kwa kumukaza ao kwa kutumia ukubwa wake ku kazi, na kusudi yake ni kupata mwili wa ule mwenzake. Malipizi yenye ile sheria iliandika: mwaka mumoja mpaka miaka 12 ya buloko, pamoja na amande ya 50 000 mpaka 100 000 FC za wakati ule, ao moja ya hizo mbili. Tena inaomba kama mwenye kuteswa mwenyewe aweke malalamiko. Hakuna malalamiko yake, hakuna kesi.

OPJ wa tatu anaangalia simu. Kama usumbufu umepitia ku SMS, ku WhatsApp, ku Facebook, kuko Code du numérique, ile ordonnance-loi namba 23/010 ya 13 mars 2023. Article 359 inamuazibu mutu mwenye kusumbua mwenzake kwa njia ya mashini ao ya mutandao wa mawasiliano, na alijua, ao alipaswa kujua, kama anamuvunjia utulivu wake vibaya. Malipizi: mwezi mumoja mpaka miaka 2, na amande ya 500 000 mpaka 10 000 000 FC, ao moja ya hizo mbili.

Mambo ni moja, mwanaume ni ule ule, musichana ni ule ule. Lakini jina inabadilisha mulango. Sheria ya 11 avril 2013 yenye kupanga matribinali inasema Tripaix inasikia makosa yenye malipizi yake haipite miaka 5. Ikipita pale, ni TGI. Basi kusumbua kwa simu na matusi vinaenda ku Tripaix, lakini harcèlement sexuel, yenye inaweza kufika miaka 12, inaenda ku TGI. Jamaa yenye inabeba kesi ya miaka 12 ku mulango wa miaka 2, inaweza kupoteza miezi mbele ya kuambiwa kama imekosa njia.

Pengo yenye ilitoka Ubelgiji

Kwa nini simu iko na article yake, na barabara haina? Jibu iko mu historia. Code pénal yetu ilitoka mu mikono ya Wabelgiji, wakati wa koloni. Mu mwaka 1940, huku na kule, kumufuata mutu bila kumugusa hakukuhesabiwa kama kosa. Wabelgiji wenyewe waliongeza ile kosa kwao paka mu 1998, kwa sheria ya 30 octobre, yenye ilitia article 442bis mu Code pénal yao. Wakati ule sisi tulikuwa na uhuru tangu miaka 38, na mabadiliko yao haikuvuka tena kuja huku.

Lakini ukisoma article 359 ya Code du numérique yetu, utasikia sauti ya ile article ya Ubelgiji: "alijua ao alipaswa kujua", "kuvunja utulivu". Neno ilifika, lakini ilifika mu sheria ya mashini. Kwa hiyo mwanaume mwenye anatuma ujumbe mia moja, sheria inamuona waziwazi. Mwanaume mwenye hana hata simu, mwenye anakaa tu chini ya muembe mbele ya nyumba yenu kutoka saa kumi na mbili mpaka saa ine ya usiku, huyo lazima mutafute kwa nguvu article ya kumubandikia. Akiwa na kusudi ya mwili, kuko 174d. Akiwa bwana wa zamani mwenye anataka kuumiza tu, ao mutu wa kisasi, pengo inabakia.

Njia nne za kuishia

Sasa tuangalie ginsi kesi hizi zinaisha.

Njia ya kwanza, yenye inajulikana kuliko zote, ni masikilizano. Inafanyika ku polisi, kwa chef wa quartier, kwa chef wa kimila, ao mu sebule ya mujomba. Jamaa mbili zinakaa, mwanaume anaomba musamaha, kunatoka franga, ao mbuzi, na kunaandikwa karatasi kama "hatarudilia". Kwa ugomvi wa jirani, ile njia iko na faida yake: ni ya haraka na haivunje ujirani. Lakini kwa mutu wa kufuata-fuata iko na ugonjwa mumoja mukubwa. Kosa ya huyu mutu ni kurudilia. Karatasi ya "sitarudilia", yenye haina nguvu ya tribinali nyuma yake, inamufundisha tu bei ya kurudilia. Tena franga mara mingi inaingia mu mikono ya baba ao ya kaka, na musichana mwenyewe, mwenye atapita tena ile njia kesho asubuhi, hakuulizwa.

Njia ya pili ni amande transactionnelle. Kwa makosa madogo, sheria inaruhusu OPJ ao parquet kumupendekezea mutu alipe amande, na akilipa, kwa kawaida kesi inafungwa. Hapa muelewe mambo mbili. Moja: ile amande ni ya État, haiko ya mwenye kuteswa, na lazima iache karatasi ya malipo. Franga yenye inalipwa bila karatasi haiko amande. Mbili: kwa makosa ya violences sexuelles, na harcèlement sexuel iko ndani, ile mulango imefungwa. Sheria namba 06/019 ya siku ile ile ya 20 juillet 2006 inasema kulipa amande ya namna hii hakuzimishe kesi. Hapo ndipo jina ya PV inaonyesha uzito wake. Mambo yale yale, yakiandikwa "injures", yanaweza kuisha kwa franga ku biro. Yakiandikwa "harcèlement sexuel", hakuna OPJ mwenye haki ya kuyamaliza kwa amande.

Njia ya tatu ni "classement sans suite": muamuzi wa parquet anaona dosie haina nguvu, anaiweka mu kabati. Mara mingi sababu ni nyepesi. Mwenye kulalamika hakurudi kusikilizwa, ao shahidi alikataa kuja, ao ujumbe ulifutwa ku simu, ao mwenye kulalamika mwenyewe alikuja kusema "tumesikilizana". Kwa kosa yenye inaomba malalamiko ya mwenye kuteswa, siku yenye anaondoa malalamiko, dosie inabakia bila miguu.

Njia ya ine ni hukumu. Muamuzi anaweza kumuachilia mutu kwa kukosa ushuhuda. Anaweza kumupa amande, ao buloko, ao buloko yenye sursis, ni kusema haingie kama anatulia. Mwenye kuteswa akijiweka partie civile, anaweza kupata dommages-intérêts. Na yule mwenye hakurizika iko na siku 10 za kuomba appel: kutoka Tripaix kwenda TGI, kutoka TGI kwenda Cour d'appel.

Masaa 48 haiko mwisho wa kesi

Kuko kosa moja ya kuelewa yenye inaua kesi nyingi. Constitution, ku article 18, inasema polisi haiwezi kufunga mutu mu garde à vue kupita masaa 48. Kisha pale, wamuachilie ao wamupeleke mbele ya wakubwa wa sheria. Mutu akitoka kisha siku mbili, quartier inasema: "Amelipa, kesi imekwisha." Pengine ni kweli. Lakini pengine dosie imepanda ku parquet na yeye anaifuata akiwa nje, sawa vile sheria inaomba, juu mutu mwenye hajahukumiwa anahesabiwa kama hana kosa. Jamaa yenye inakata tamaa siku ile, haiende tena kuuliza, ndiyo inafunga kesi yake yenyewe. Yenye kufanya ni kuuliza namba ya dosie, na jina ya biro ya parquet kwenye imefika.

Na hapa kuko article yenye watu kidogo sana wanatumia. Mutu mwenye alifungwa na anaomba liberté provisoire, Code de procédure pénale inaruhusu kumuwekea masharti. Anaweza kukatazwa kwenda pahali fulani, ao kuwa pale kwa saa fulani. Anaweza kulazimishwa kuja kujionyesha kila mara mbele ya wakubwa. Wenye kuandika ile article walifikiri juu ya gari-moshi na bandari, ili mutu asikimbie. Lakini hakuna kitu kinakataza avoka wa musichana kuomba: "Asikaribie soko fulani. Asipite avenue fulani." Mu sheria yetu ya leo, kwa mutu wa kufuata-fuata, ile sharti ndiyo iko karibu zaidi na ulinzi. Akivunja, anaweza kurudishwa ndani. Lakini haitoke yenyewe. Lazima iombwe, na inaombwa mbele mutu hajatoka.

Wenzetu wamepita mbali kidogo. Zambia, yenye malori ya mashaba yetu inapita kila siku kisha Kasumbalesa, iko na sheria ya 2011 juu ya violences za wanawake na wanaume, yenye inaruhusu tribinali kutoa amri ya kulinda mutu. Kenya, mu sheria yake ya 2015 juu ya violences za mu jamaa, imetaja kufuata-fuata kwa jina. Afrika ya Kusini iko na sheria ya 2011 juu ya harcèlement peke yake, hata kama mwenye kusumbua haiko bwana wala ndugu. Huko kote, mwenye kuogopa anaweza kwenda kuomba amri mbele mutu hajafungwa, na kuvunja ile amri ni kosa mupya. Kwetu, ulinzi unakuja nyuma ya kesi. Hapo ndipo wabunge wa Kinshasa na wa Lualaba wako na kazi.

Ku kazi, kuko mulango mwengine

Kwa wenye kutumika mu makampuni na mu soutraitance, sheria haiko paka ya polisi. Code du travail ya 16 octobre 2002 inahesabu harcèlement, ya mwili ao ya moyo, kati ya makosa mazito, yale inaita faute lourde. Mukubwa wa équipe mwenye anasumbua mufanyakazi anaweza kufukuzwa bila préavis. Na kama mwenye kampuni mwenyewe ao mutu wake wa amri ndiye anasumbua, mufanyakazi anaweza kuvunja kontra, na lawama inabakia kwa kampuni. Délégation syndicale na Inspection du travail ni milango ya kwanza.

Lakini watu wasichanganye. Kampuni ikimufukuza mutu, kesi ya Code pénal haijaguswa. Na kampuni ikimuhamisha tu kutoka zamu ya mchana kwenda zamu ya usiku, haijamaliza kitu, imebadilisha saa tu. Wakina mama wenye kusafisha mawe na kubeba mifuko ku machimbo ya mikono, wenye hawana kontra wala délégué, hawa mulango wao ni polisi na parquet tu. Coopérative inaweza kusaidia kama shahidi. Haiwezi kuwa tribinali.

Yenye kubeba ku polisi

Makosa zote mbili, ya 2006 na ya 2023, ziko na mufupa mumoja: kurudilia. Muamuzi anataka kuona kama haikuwa siku moja. Kwa hiyo kitabu kidogo kina nguvu: tarehe, saa, pahali, alifanya nini, nani alikuwa pale. Sentinelle wa lango la jirani, mama wa meza ya pembeni, kijana wa moto mwenye alikupandisha siku ile, hawa ndio mashahidi.

Kwa simu, msifute kitu. Picha ya ekrani inasaidia, lakini simu yenyewe yenye ujumbe ndani iko na nguvu zaidi. Namba isiyojulikana haiko mwisho wa njia: parquet iko na uwezo wa kuomba kampuni ya simu iseme SIM ni ya nani. Jamaa haina ule uwezo, na haina lazima ya kununua ile habari mu njia za pembeni.

Mara moja, mutu aambiwe waziwazi "usinitafute tena", kwa kuandika kama inawezekana, kisha asijibiwe tena. Ile neno ndiyo inaonyesha kama "alijua". Avoka wengi watauliza: alikatazwa lini?

Ku biro ya polisi, PV isomwe mbele ya kutia sahihi. Kama haujue Kifaransa, omba ikusomewe kwa Kiswahili. Angalia jina ya kosa. Kama iko harcèlement sexuel, sheria ya 2006 inamulazimisha OPJ kujulisha parquet mu masaa 24, inaomba uchunguzi wa kwanza usipite mwezi mumoja na hukumu itoke mu miezi mitatu. Inasema tena mwenye kuteswa asaidiwe na avoka, na anaweza kuomba asikilizwe bila watu mu chumba. Hizi siku hazifuatwe kila mara, lakini mutu mwenye anazitaja, dosie yake haisahauliwe kwa urahisi. Mwenye hana franga za avoka aulize biro ya bure ya barreau. Na kama parquet inalala, kuko citation directe: kumuita mutu mbele ya tribinali bila kungojea parquet.

Kuko neno moja kwa upande mwengine. Malalamiko ya uongo ni kosa pia mu Code pénal. Kijana mwenye aliomba urafiki mara moja, akakataliwa na akaondoka, haiko wa kupeleka ku parquet. Sheria inaangalia mwenye alikatazwa na akaendelea.

Na kwa wababa na makaka, wenye ndio mara mingi wanakaa ku meza ya masikilizano: mbele ya kupokea ile bahasha, mumuulize kwanza musichana kama kesho atapita njia gani.